Embe kwenye mizani

Mombasa, watu wakishajua una kisukari, kitu cha kwanza kukunyang'anya ni embe. Chai ya maziwa watakuachia, mradi umesema haina sukari. Mahamri watakusogezea sahani nzima na mbaazi za nazi juu yake. Biriani ya harusini wataihesabu kuwa chakula tu, tena watanuna ukisema umeshiba. Lakini nyoosha mkono uchukue kipande cha embe, utasikia sinia zima likikugeukia: "Aa, aa, wewe tena! Na sukari yako hiyo?"

Nina kisukari aina ya kwanza tangu nikiwa chuoni, na hukumu hiyo nimeisikia kwa mashangazi, kwa madereva wa tuktuk, kwa wauza matunda wenyewe kule Kongowea, na kwa wahudumu wa afya ambao ungedhani wangejua zaidi. Makala haya ni ya kulitetea embe. Nitalitetea kwa hesabu, maana mapenzi peke yake hayashushi sukari.

Tuanze na hamri, kwa kuwa ndilo lililoachwa huru. Nyumbani kwetu unga wa ngano nusu kilo hutiwa sukari gramu 100 na tui la nazi. Unga ule una wanga, kile kinachogeuka sukari mwilini, wa gramu 380 hivi, sukari ni 100, tui lina wanga mdogo nitausamehe. Jumla 480. Unga ukishakandwa, ukasukumwa na kukatwa, hutoka mahamri 24, basi kila moja lina wanga wa gramu 20. Na ni nani Mombasa hula hamri moja? Manne ni gramu 80 kabla hujagusa mbaazi. Sasa lete embe. Embe la apple la wastani, likishamenywa na kutolewa kokwa, hubakisha nyama ya gramu 250. Embe bivu lina wanga wa gramu 15 katika kila gramu 100 za nyama, basi embe zima ni gramu 37 au 38. Haifiki mahamri mawili. Lakini aliyekula mahamri manne ndiye huyo anayeniondolea mimi bakuli la embe mbele yangu.

Marufuku hii ina asili yake, na asili yake haikuwa upumbavu. Insulini ya kwanza kudungwa mgonjwa ilikuwa Toronto, Kanada, Januari 1922, na aliyedungwa alikuwa kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson. Kabla ya hapo mtu mwenye kisukari kama changu tiba yake ilikuwa ni njaa: alinyimwa karibu kila chenye wanga ili aongezewe miezi ya kuishi. Kumnyima tunda mtu yule kulikuwa na maana, hapakuwa na kitu kingine cha kumpa. Leo kipo. Nashangaa tu kwamba dawa imefika mpaka kwenye friji zetu na ushauri bado uko kulekule kabla ya 1922.

Kongosho langu limeacha kutengeneza insulini, kwa hiyo najidunga za aina mbili. Moja ni ya muda mrefu, ya usiku, inayoshughulika na sukari ambayo ini huitoa lenyewe hata nisipokula. Nyingine ni ya haraka, na hiyo huenda na chakula. Ya haraka ndiyo inayohesabiwa: wanga wa kiasi hiki, yuniti kiasi hiki. Kliniki nyingi huanzia kwenye kanuni ya 500. Unachukua 500, unagawanya kwa jumla ya yuniti zote unazotumia kwa siku nzima, ya haraka na ya usiku pamoja. Mimi hutumia kama 50, kwa hiyo yuniti moja yangu hubeba wanga wa gramu 10. Ipo na kanuni ya 100 ya kurekebisha sukari iliyokwisha kupanda: 100 gawanya kwa 50 ni 2, maana yake yuniti moja huniteremsha milimoli 2 kwa lita, namba zilezile zinazoonekana kwenye mashine zetu hapa Kenya. Wanaotumia ile insulini ya zamani ya kawaida badala ya ya haraka, mara nyingi huanzia 450 badala ya 500.

Hizo ni namba za kuanzia, baada ya hapo daftari ndilo linalosema. Kwangu mimi asubuhi ni ngumu kuliko mchana: homoni za alfajiri huifanya insulini izembee, basi kwa chakula cha asubuhi yuniti moja hubeba gramu 8 tu. Na namba hizi ni zangu, nilizipata na daktari wangu kwa mwili wangu. Usizivae. Mtu mwembamba anayetumia yuniti 25 kwa siku, akitumia namba yangu kwenye embe lilelile, atajidunga mara mbili ya anachohitaji na sukari yake itakuwa chini ndani ya saa mbili.

Basi embe la saa kumi jioni huwa hivi. Napima sukari, iko 6. Nyama ya embe ni wanga wa gramu 38, gawanya kwa 10, yuniti 4. Ikiwa sukari iko 10, na mimi nalenga 6, pana milimoli 4 za ziada, ambazo ni yuniti 2, jumla 6. Ikiwa iko 4.8, napunguza, nadunga 3. Ikiwa iko chini ya 4, sindano hailetwi kabisa; hapo kwanza napandisha sukari kwa kitu cha haraka, na embe litangoja. Lina subira kuliko mimi.

Tabu ya hesabu hii ni kwamba soko letu haliuzi embe kwa kilo. Kongowea utauziwa kwa fungu, barabarani utauziwa moja moja, na mwenye rukwama atakukatia vipande kwenye kikombe cha plastiki na kijiti cha meno juu. Uzito haupo sokoni, kwa hiyo nimeuleta nyumbani: mizani ndogo ya betri, ile ya wapika keki. Naweka bakuli, nabonyeza irudi sufuri, namenya.

Embe naanza kwa kulikata mashavu mawili, kisu kikipita ubavuni mwa kokwa. Mashavu ni mepesi, nyama yote iko wazi, nachota kwa kijiko, naiangusha bakulini, namba inapanda. Kazi iko kwenye kokwa. Mtu aliyezaliwa pwani hatupi kokwa lenye nyama. Analishika kwa ncha za vidole na kulifyonza mpaka maji yafike kwenye kiwiko. Wataalamu wa lishe wanaoandika vitabu hawajafikiria jambo hili. Mimi napima kokwa kabla sijalifyonza, tuseme gramu 95. Nafyonza. Nalirudisha kwenye mizani, limebaki gramu 60. Zile 35 zilizopungua ziko tumboni mwangu, nazo ni wanga wa gramu 5, yaani nusu yuniti. (Mate niliyoyaacha juu yake sijayatoa kwenye hesabu.) Watoto wa dada yangu huja kunitazama nikipima kokwa lililolambwa, na huona hiyo ndiyo sehemu ya kufurahisha zaidi ya ugonjwa wangu.

Misimu ikipita, jicho hujifunza. Boribo kubwa silipimi zima, nakata shavu moja na najua nimebeba nini. Ngowe, lile refu lenye ncha iliyopinda, huwa najidhibiti nisilimalize. Dodo nalipima mara moja mwanzo wa msimu, na mengine ya fungu hilohilo nayakadiria. Mizani inarudi mezani kila namba za mashine zinapoanza kwenda ovyo.

Kitu ambacho mizani imenifundisha ni kutoamini ulimi. Tikiti maji ni tamu, tena baridi ya friji huzidisha raha yake, lakini karibu lote ni maji: wanga wa gramu 7 au 8 katika gramu 100. Ni kweli sukari yake huingia damuni upesi, ila ni chache. Kipande cha gramu 200 ni gramu 15 tu. Ndizi mbivu haina makeke hayo ya utamu, nayo ina 23. Fenesi ni hivyohivyo, 23, na fenesi halina staha, mtu anakula kwa mkono huku anaongea mpaka mbegu zijae sahani. Papai ni 11, chungwa 12, nanasi 13, stafeli 17. Pera ni 14, lakini gramu 5 zake ni nyuzinyuzi zisizogeuka sukari, kwa hiyo pera ni rafiki kuliko linavyoonekana. Parachichi lina 9, na takriban 7 ni nyuzinyuzi; silidungii kitu nikilila peke yake. Ukwaju ni mchachu wa kukunja uso, na ndio mzito kuliko yote niliyotaja: nyama yake ina wanga wa zaidi ya gramu 60 katika 100. Hunywi gramu 100 za ukwaju, lakini wale wanaonishauri ninywe juisi ya ukwaju "kwa sababu ni chachu, inakata sukari" wanapima kwa ulimi. Na juisi yenyewe haijawahi kutengenezwa Mombasa bila vijiko vya sukari.

Ubivu nao una mambo yake. Ndizi ikiwa bado ina ukijani wanga wake mwingi ni wa namna ya unga, ikiiva hugeuka sukari. Gramu hazibadiliki sana, mwendo ndio unaobadilika. Ndizi yenye madoa meusi hunipandisha kabla insulini haijashika kazi, kwa hiyo hiyo naidungia mapema zaidi.

Hapo ndipo wengi wanaojua gramu wanapokwama, kwenye saa. Insulini ya haraka huanza kazi dakika 10 hadi 20 baada ya kudungwa, hupamba moto kati ya saa ya kwanza na ya pili, na humaliza baada ya saa tatu mpaka tano. Ile ya kawaida ya zamani inataka nusu saa kabla ya kula, nayo hudumu saa sita mpaka nane. Ukidunga baada ya kula embe tumbo likiwa tupu, embe limekutangulia. Utapima baada ya saa moja, utaona 13, utasema embe ni sumu. Yuniti zilikuwa sawa. Zilichelewa tu.

Embe baada ya biriani ni hadithi nyingine. Mafuta huchelewesha tumbo kujitoa, wali na embe vinashuka taratibu, na sukari inakuja kupanda saa tatu au nne baadaye wakati insulini inaaga. Mtu amekula saa saba mchana, saa tisa amepima ameona 7, amefurahi, magharibi yuko 15 na hajui imetoka wapi. Siku za biriani mimi hupima tena saa kumi na moja kabla sijasema lolote juu ya matunda.

Na kuna hatari ya upande wa pili, ya kurundika sindano. Umedunga saa saba, saa tisa uko 12, roho haitulii, unataka kudunga tena. Lakini insulini ya saa saba bado imo mwilini inafanya kazi. Ukiongeza juu yake ni kama kumtuma mtoto wa pili dukani akanunue chumvi kabla wa kwanza hajarudi. Jioni utakuwa na chumvi mara mbili. Sindano ya kurekebisha nangoja mpaka ile ya kwanza iwe imemaliza, isipokuwa daktari ameniambia vingine.

Sasa niseme jambo ambalo naona halisemwi. Msimu mkubwa wa embe pwani huanguka kati ya Novemba na Machi. Huo ndio wakati wa kaskazi, wakati wa joto letu kali, mchana unapita digrii 30 kwa wepesi na usiku haupoi. Insulini iliyofunguliwa, karatasi ndani ya kasha lake husema ikae chini ya digrii 30, nyingine 25, kwa takriban wiki nne. Aliyeandika karatasi hiyo akisema "joto la chumbani" hakuwa na chumba cha Majengo chenye paa la bati mwezi wa Februari. Kalamu ya insulini iliyoachwa kwenye mkoba ndani ya matatu lililoegeshwa juani Mwembe Tayari imepikwa. Na iliyopikwa haisemi: ile inayopaswa kuwa angavu inaweza kubaki angavu vilevile huku nguvu zake zimepungua. Mtu anajidunga maji karibu matupu, anakula embe lake, sukari inafika 18. Nani analaumiwa? Embe, kwa kuwa lilikuwepo mezani na ni tamu.

Kwa hiyo kabla hujalifukuza tunda, uliza kwanza insulini yako ililala wapi. Zile ambazo hazijafunguliwa ni za friji, kati ya digrii 2 na 8, mbali na barafu, kwa sababu insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Umeme ukikatika usifungue mlango wa friji kila dakika kuangalia kama bado kuna baridi. Wasio na friji hushauriwa mtungi: chombo ndani ya chungu chenye maji, maji yakivuja na kukauka juu ya udongo huondoka na joto. Ni kweli, na mahali pakavu mtungi ni hodari. Hapa kwetu hewa imejaa unyevu wa bahari, maji hayakauki upesi, basi baridi yake ni ndogo. Bado ni afadhali mtungi kivulini kuliko kabati chini ya bati, lakini usiutegemee kama friji.

Joto lina uzushi mwingine: ngozi ikipata moto, damu hukimbia karibu na juu, na insulini huchukuliwa upesi kuliko kawaida. Ukidunga halafu ukatembea juani kutoka Marikiti mpaka Bondeni, yuniti zilezile zinakushusha kwa kasi. Na kushuka kwenyewe, Mombasa, hujificha. Vitabu vinasema dalili ni jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla. Jasho! Simama kwenye feri ya Likoni saa kumi na moja jioni, umebanwa kati ya baiskeli na vikapu, uniambie nani hatoki jasho. Mimi nimejifunza kutazama mengine. Midomo hufa ganzi. Maneno ya watu hunifikia kwa kuchelewa kidogo. Nikijikuta nasoma tangazo moja mara ya pili na ya tatu bila kulielewa, naingiza mkono mkobani.

Humo mkobani hakuna tunda. Embe zima, ndizi, papai si tiba ya sukari iliyoshuka: nyama na nyuzinyuzi zinachelewesha, nawe wakati huo hutaki kutafuna. Kinachotakiwa ni sukari tupu ya gramu 15, kungoja dakika 15, kupima, na kurudia ikiwa bado uko chini ya 4. Vijiko vitatu vya chai vilivyojaa sukari, kwenye maji, vinatosha. Soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari, mililita 150. Ikishapanda ndipo ule kitu cha kukushikilia, na hapo ndizi inakaribishwa. Mtu asiyejitambua asimiminiwe kitu chochote kinywani, apelekwe hospitali.

Juisi, kwa sababu hiyohiyo, naiweka upande wa dawa kuliko upande wa matunda. Glasi ya nusu lita ya juisi ya embe imemeza maembe mawili na sukari juu, kisha inanyweka kwa pumzi tatu. Juisi ya miwa, ile inayokamuliwa mbele yako na ndimu na tangawizi, glasi yake ya mililita 300 inaweza kufika wanga wa gramu 40, na hakuna nyuzinyuzi hata moja, makapi yote yamebaki kwenye mashine. Naipenda. Nainywa nikiwa nimeshuka na hakuna kingine karibu, hapo raha yangu na tiba yangu hukutana.

Madafu yamesingiziwa mema. Watu husema maji ya dafu hayana sukari. Yana gramu 4 hivi katika mililita 100, basi dafu moja la pale Mama Ngina lenye mililita 300 au 400 ni gramu 12 hadi 16, yuniti moja na kitu kwa hesabu yangu. Si mengi, lakini si sufuri, na ukinywa mawili na viazi vya karai jua umekula. Mwenye figo zilizodhoofika, jambo ambalo kisukari cha miaka mingi huleta, ana sababu nyingine kabisa ya kuyaogopa madafu na ndizi: potasiamu. Huyo amsikilize daktari wake wa figo, si mimi.

Tende nazo huja na Ramadhani. Tende ndogo kavu ni wanga wa gramu 5 hadi 6, ile kubwa nono ya Medjool ni 18, kwa hiyo "tende tatu" zinaweza kuwa gramu 16 au gramu 54, na sunna haikusema ukubwa. Kwa aliye na aina ya kwanza, kufunga ni jambo la kukaa na daktari wiki nyingi kabla ya mwezi kuandama, dozi zibadilishwe. Waliofunga wapime mchana, kuchoma kidole hakufunguzi, na wakiona chini ya 3.9 au juu ya 16.6 wafungue palepale.

Sasa Ami. Ami yangu ana kisukari aina ya pili, na anatumia insulini ya mchanganyiko, ile ya 70/30, asubuhi na jioni. Wengi wanaonisoma wako kwake kuliko kwangu, kwa kuwa hiyo ndiyo inayopatikana kwa bei nafuu. Yeye hawezi kucheza na yuniti kama mimi. Ndani ya sindano yake zimo insulini mbili zilizokwisha kuchanganywa. Akiongeza kwa ajili ya embe la asubuhi, ameongeza pia ile ya polepole itakayomkuta adhuhuri. Huyo hakadirii sindano kwa tunda, hukadiria tunda kwa sindano. Wanga wa kila mlo uwe ule ule kila siku, saa zilezile, na chakula cha mchana asikiruke, maana insulini ya asubuhi itakuja kudai haki yake chakula kiwepo kisiwepo.

Alinikuta nyumbani na mizani yangu.

"Wewe mwana wa kike, wala embe na sukari yako?"

"Nalila, Ami. Nalipima kwanza."

"Na mimi?"

"Na wewe pia, ila lako dogo."

Tulikata. Gramu 100 za embe ni wanga wa gramu 15, ni kama nusu ya shavu la boribo kubwa. Aliliangalia bakuli kwa dharau kubwa. Nikampa uchaguzi: kwa gramu hizohizo 15 angepata papai gramu 140, au tikiti gramu 200, au ndizi ndogo moja yenye nyama ya gramu 65. Alitaka kujua kama gramu za jana ambazo hakuzila zinaweza kuongezwa za leo. Hapana, Ami.

Kinachombana si ubishi wake, ni stripu, vile vijikaratasi vya kutilia tone la damu. Mashine ya kupimia hupewa watu kama zawadi, stripu ndizo zinazonunuliwa kila mwezi, na mwenye kasha moja huzitumia zote asubuhi kabla ya kula kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Namba ya asubuhi inaeleza usiku wako, haielezi tunda lako. Kama stripu ni chache, chagua tunda moja na utumie mbili: moja kabla ya kula, nyingine baada ya saa mbili, kiasi kilekile cha tunda, saa ileile, siku chache mfululizo. Andika. Ikiwa sukari imepanda milimoli 2 au 3, mwili wako umeliweza kwa dozi uliyonayo. Ikiruka milimoli 6, punguza nusu ya kipande ujaribu tena, au nenda na daftari hilo kliniki umwonyeshe daktari. Daktari akikuta namba mbili ubavuni mwa neno "papai" atakuwa na kitu cha kurekebisha.

Ami alianza na papai, gramu 140, saa nne asubuhi, saa mbili na nusu baada ya chai. Kabla 7.6, baada ya saa mbili 9.8. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa. Akanipigia simu baada ya swala ya ijumaa, si kunishukuru. Alikuwa amesimama mbele ya muuza fenesi, anataka nimwambie haraka, gramu ngapi, kokwa zikiwemo au zikitolewa.

"Zikitolewa, Ami. Gramu 65."

"Sitini na tano? Hizo ni konde tatu!"

"Mbili, zikiwa kubwa."

Akakata simu. Mpaka sasa sijui alinunua kiasi gani, ila jioni aliniletea namba: 8.1 na 10.9.